Jina Moja kwenye Fomu ya Shamba

Hadithi hii ilisimuliwa kwanza na Mwalimu Zefania Mchome, Jumapili ya tarehe 14 Desemba 1997, nyumbani kwake Kwamchenga, huko Upareni, siku alipobatizwa mjukuu wake wa kwanza. Waliokuwapo walikuwa kumi na mmoja, na majina yao yameandikwa. Wapo wa ukoo wanaodai kwamba aliisimulia mapema zaidi, kwenye msiba wa shemeji yake. Si kweli. Msiba ule ulikuwa mwaka uliofuata, na siku hiyo mwalimu hakusimulia kitu.

Hakuisimulia ili watu wacheke. Aliisimulia ili wamsaidie kuamua jambo ambalo yeye alikwisha kuliamua miaka minane nyuma. Basi tegeni sikio, na kila mmoja ashike mizani yake.

Palikuwa na wanafunzi watatu wa kidato cha nne katika shule ya sekondari ya Kwamchenga.

Wa kwanza aliitwa Nakiete. Kipaji chake kilikuwa mkononi. Mpe punje ya mbegu, ataizungusha kati ya vidole, ataigonga kwa jino, kisha atakwambia kama itaota au haitaota. Alilelewa na bibi yake, Bibi Namsemba, na mambo hayo aliyapata jikoni.

Wa pili aliitwa Mbonea, mwana wa Mzee Kangero. Kipaji chake kilikuwa katika maji. Baba yake alikuwa na mguu mbovu, kwa hiyo tangu utotoni Mbonea ndiye aliyekwenda kwenye mfereji siku ya zamu yao. Aliweza kugawa mkondo kwa kipande cha mgomba na konzi mbili za tope, hata maji yakaenda kulia na kushoto sawasawa, kama yamepimwa kwa kibaba.

Wa tatu aliitwa Yunesi. Kipaji chake kilikuwa katika kauli. Alichokiona alikiandika, na alichokiandika alikisema, awepo wa kukasirika au asiwepo. Aliishi kwa mjomba wake, na mjomba huyo alikuwa Mwalimu Mkuu Sangiwa.

Na wa nne, ambaye hakuwa na kipaji ila mashaka, alikuwa Mwalimu Zefania mwenyewe, mwalimu wa shamba. Alihesabu majembe asubuhi na kuyahesabu tena jioni. Mwanafunzi akimletea muwa, humwuliza kwanza umekatwa katika shamba la nani. Watoto walimwita Mwalimu Labda, naye alijua.

Mwaka 1989, mwezi wa Mei, serikali ilitangaza fungu la elimu ya kilimo kwa shule. Shule itakayoweza kulima bustani ya maharage wakati wa kiangazi, ikaikuza hadi kuzaa, itapewa ghala, vitabu, zana na mwalimu wa pili wa kilimo. Juu ya hayo, mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, mmoja tu, atasomeshwa na serikali katika chuo cha kilimo mpaka amalize. Jina lake litaandikwa na mwalimu wa shamba, si na mkuu wa shule. Mbegu zitaletwa.

"Mtoa bure ana lake," walisema wazee wa Kwamchenga.

Mwalimu Zefania hakusema hivyo, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali, lakini aliwaza hivyo.

Mbegu zikaja kweli: makopo kumi na mawili ya bati, yamezibwa vizuri, na kila moja lina picha ya maharage meupe yanayong'aa. Mwalimu Mkuu Sangiwa aliyapanga mezani kwake, akaita walimu wote wayaone. Tuta moja kopo moja, akasema. Na kwa heshima ya serikali, kila kopo likishamwagwa litundikwe kwenye mti mbele ya tuta lake, picha ikitazama njia, ili mgeni yeyote ajue mbegu imetoka wapi.

Mwalimu wa shamba alikubali. Hilo la makopo lilimpendeza hata yeye. Likumbukeni.

Siku ya kufungua kopo la kwanza, Nakiete alichota punje tatu, akazizungusha, akaigonga moja kwa jino.

"Mwalimu, hizi zimekufa."

"Zimekufaje na zimeletwa juzi?"

"Sijui zilivyokufa. Najua zimekufa. Zisikie mwenyewe, zinalia kama kokoto."

"Serikali nzima ilete mbegu zilizokufa?"

"Labda, mwalimu," alisema Mbonea kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Zefania alifanya kama mtu wa mashaka anavyofanya. Alihesabu mbegu mia moja, akazifunga katika gunia bichi, akaziweka kivulini. Yunesi aliandika katika daftari la shamba: tarehe 2 Juni, mbegu mia moja zimelowekwa. Kisha akaandika: tarehe 9 Juni, zimeota nne.

Mwalimu Mkuu alipoambiwa, alifunga mlango wa ofisi.

"Zefania, unataka niandike barua kwamba serikali imenipa mbegu mbovu? Waseme nini? Watasema tumezikaanga tukala. Panda kitu. Nikione kimeota."

"Nipande nini, mwalimu mkuu?"

"Wewe ndiye mwalimu wa kilimo."

Hapo ndipo Nakiete alipotoa mchango wake. Siku ya tatu alikuja na mfuko wa nguo, akaumimina juu ya gunia: maharage meusi yenye madoa ya kahawia, madogo, magumu, yananuka moshi. Yalikuwa yametoka kwenye kibuyu cha Bibi Namsemba, kilichokaa darini juu ya mafiga, moshi ukipita mchana kutwa ili wadudu wasiingie. Mbegu ile Bibi Namsemba aliletewa na mama yake siku alipoolewa. Ilivumilia jua kuliko mbegu yoyote ya mlima ule.

"Bibi amekupa?" aliuliza mwalimu.

"Amenipa."

"Zote?"

"Zote, mwalimu."

Mwalimu alimtazama. Hakuna bibi wa Kipare anayetoa kibuyu chote cha mbegu kiangazi kikianza. Alishuku, na alijua kwamba anashuku. Lakini hakuuliza tena, kwa sababu jibu lingemlazimu kurudisha mbegu. Wakapanda matuta kumi na moja. Kopo la kumi na mbili halikufunguliwa kabisa. Lilitundikwa hivyo hivyo, limezibwa, mbele ya tuta la mwisho, ambalo lilijazwa mbegu zilizobaki.

Mbegu ziliota zote, na bila mbegu zile pasingekuwa na kitu cha kumwagilia.

Kisha jua likawa kali. Kufikia Julai majani yalianza kujikunja mchana kama viganja vya mtu anayeomba. Juu ya shule ulipita mfereji wa ndiva, lile bwawa la udongo ambalo mababu walichimba, hujaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Lakini maji ya ndiva yana wenyewe. Kila ukoo uliochimba una zamu yake, na zamu hurithiwa kama jina. Mwalimu Mkuu alipomwendea mgawa maji kuomba zamu ya shule, mzee yule alimwuliza kwa upole:

"Shule ni ukoo wa nani? Babu yake alichimba upande upi?"

Hapo ndipo Mbonea alipotoa mchango wake. Zamu ya Mzee Kangero ilikuwa Jumanne. Jumanne ya kwanza Mbonea alisimama mferejini, akaweka kipande cha mgomba na konzi zake mbili za tope, akaugawa mkondo: nusu kwa baba, nusu kwa shule. Mgawa maji alikuja akautazama ule mgawo, akatikisa kichwa kwa kuusifu.

"Kazi safi. Baba yako anajua?"

"Anajua."

"Basi Mungu ambariki. Sikumdhania."

Jumanne tisa mfululizo maji yaliingia shuleni. Mwalimu Zefania alisimama kwenye matuta, maji yakimpita kati ya vidole vya miguu, akawaza kwamba Mzee Kangero, mtu aliyewahi kumshitaki jirani kwa wazee wa kanisa kwa ajili ya ukanda mwembamba wa mpaka, hawezi kutoa maji bila kuja kushukuriwa. Kwa nini hajaja hata siku moja? Aliwaza, akashuku, akanyamaza. Maharage yakachanua.

Na bila maji yale, mbegu ile ngumu ingekufa na ugumu wake.

Mkaguzi alikuja tarehe 6 Septemba. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, na Mwalimu Zefania alipomwona alimtambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake: huyu naye alikuwa wa mashaka. Mkaguzi alikuwa amedanganywa mahali fulani. Shule moja ilihamisha kabichi za watu pamoja na udongo wake, ikazipanda siku moja kabla hajafika. Tangu hapo alikuwa na desturi yake: akifika shuleni haendi shambani. Huomba chai, hunywa polepole, husubiri jua lifike utosini. Mmea wa kuazimwa hunyauka saa sita.

Saa sita alitoka. Matuta yalikuwa yamesimama. Aling'oa mche mmoja, akautazama mzizi, ulikuwa mrefu, umeshika. Wazazi waliokuja kuona ukaguzi, wamekaa kivulini, wakaanza kunong'ona kwa furaha. Ndipo alipokwanyua ganda moja kwa ukucha, punje zikamwangukia kiganjani. Nyeusi. Akainua macho akatazama kopo lililotundikwa mbele yake. Picha nyeupe.

Akaenda tuta la pili. Nyeusi, na kopo lenye picha nyeupe. Akaenda la tatu.

"Mwalimu Mkuu, haya ni maharage ya nani?"

"Ni ya serikali, ndugu mkaguzi."

"Mbona meusi?"

"Udongo wetu," alisema Mwalimu Mkuu Sangiwa. "Udongo wa huku una chuma kingi. Hubadili rangi."

Mtu mmoja kivulini alikohoa, akishindana na kicheko.

"Nimekagua shule kumi na saba," alisema mkaguzi. "Sijaona udongo unaopaka rangi. Mwalimu wa shamba, na wewe unasema hivyo?"

Mwalimu Zefania alifungua mdomo. Alimwona Mwalimu Mkuu akimtazama. Alikuwa na watoto watano na nyumba ya shule. Akaufunga mdomo wake.

Mkaguzi akafunga faili. "Hili ni shamba la mtu. Mmeliazima, mkanitundikia makopo. Shule hii haina kitu."

Hapo ndipo Yunesi alipotoa mchango wake. Alisimama katikati ya wanafunzi, daftari la shamba kifuani.

"Si kweli, ndugu mkaguzi. Wala hilo la udongo si kweli."

"Yunesi, kaa chini," alisema Mwalimu Mkuu.

"Nitakaa, mjomba, nikimaliza."

Akasoma. Tarehe 2 Juni, mbegu mia moja. Tarehe 9 Juni, zimeota nne. Tarehe 13 Juni, zimepandwa mbegu za nyumbani, nyeusi, alizoleta Nakiete. Tarehe 11 Julai, maji, zamu ya Jumanne, kwa mkono wa Mbonea. Siku kwa siku, mpaka asubuhi ile ile: mkaguzi amefika saa tatu na robo, amekunywa chai vikombe vinne.

Mkaguzi hakutabasamu. "Daftari linaandikika jana usiku. Serikali haigawi mbegu zilizokufa."

"Basi chukua kopo la tuta la mwisho," alisema Yunesi. "Halijafunguliwa. Uloweke mwenyewe."

Mkaguzi alilitikisa lile kopo karibu na sikio. Alilitia kwenye mfuko wake, akaondoka bila kuaga. Siku kumi na mbili baadaye ilikuja barua. Katika kopo lile haikuota hata punje moja. Shule ya Kwamchenga imekubaliwa: ghala, vitabu, zana, mwalimu. Fomu ya mwanafunzi mmoja imeambatanishwa, irudi kabla ya Novemba kuisha. Mwalimu Mkuu Sangiwa ameondolewa ukuu kwa kumdanganya mkaguzi, na ataripoti shule nyingine kama mwalimu wa kawaida. Kuhusu aliyeinunulia serikali mbegu zile, barua haikusema neno.

Na bila neno la Yunesi, mbegu na maji vingekuwa kazi ya bure.

Kama hadithi ingeishia hapo, pangekuwa na mabishano ya kawaida. Watoto wangetetea mbegu, wakulima wangetetea maji, na walimu wangetetea ukweli, kwa kuwa wao ndio hulipwa kuusifu. Lakini mashaka ya Mwalimu Zefania yalikuwa hayajalala, na Oktoba ilipoanza yakaanza kujibiwa, moja baada ya jingine.

Siku ya sherehe ya kupokea zana, mgawa maji alimwendea Mzee Kangero mbele ya watu, akamshika mkono.

"Kangero, tulikudhania mgumu. Kumbe umewapa watoto nusu ya zamu yako, kiangazi kizima!"

"Nani amempa nani nini?" aliuliza Mzee Kangero, ambaye siku ya ukaguzi hakuwapo.

Hapo watu wote walikumbuka. Mwezi wa Agosti, mahindi ya Mzee Kangero yaliponyauka, yeye hakumshuku mwanawe. Alimshuku Mzee Mrutu, ambaye shamba lake liko juu ya la kwake. Alimshitaki kwenye baraza la mfereji kwamba anamwibia maji, na mgawa maji akadhani ni ile nusu iliyobaki. Mzee Mrutu aliapa kwamba hajagusa. Baraza likamtazama, likatazama mahindi makavu ya mwenzake, likamtoza mbuzi dume, akachinjwa, akaliwa. Mbonea siku hiyo alikuwapo. Yeye ndiye aliyeshika taa ya... hapana, mwalimu alipofika hapa alijisahihisha: ilikuwa mchana, na Mbonea ndiye aliyeshika miguu ya mbuzi.

"Ulikula?" Mwalimu Zefania alimwuliza baadaye.

"Nilipewa mfupa, mwalimu. Sikuweza kuutafuna wala kuutupa."

Kwa upande wa Yunesi, nyumbani kwa mjomba hakuna aliyempiga wala kumtukana. Shangazi yake, mke wa mjomba, alipakia vyombo kwenye lori siku ya kuhama, akamwambia maneno haya tu: "Nani alikutuma?" Aliamini mpaka kufa kwake kwamba Mwalimu Zefania ndiye aliyemtuma msichana, ili apate ukuu. Nusu ya walimu waliamini hivyo pia. Mjomba ndiye aliyemlea Yunesi tangu darasa la kwanza. Kila sare aliyovaa, na hata kalamu iliyoandika lile daftari, vilitoka mfukoni mwake. Lori lilipoondoka, Yunesi alibaki njiani na sanduku lake, akaenda kuomba kulala bwenini.

La Nakiete lilichelewa zaidi. Mvua za vuli zilinyesha mwisho wa Oktoba. Katikati ya Novemba, Bibi Namsemba alikuja shuleni peke yake, akipapasa njia kwa fimbo, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa mbegu?"

"Ni mimi."

"Nimekuja unisaidie jambo la aibu. Nimepanda maharage yangu, siku ya ishirini leo. Hayajaota hata moja. Mbegu ya mama yangu haijawahi kunifanya hivi. Nimejua ni nani. Mke wa mwanangu alikuja mwezi wa saba, akakaa jikoni mwangu pale chini ya dari, akatazama juu, akatazama juu. Nikamwuliza watazama nini, akasema moshi. Amezifunga kwa uchawi. Nimemwambia asikanyage tena kwangu, na watoto wake nao wasije."

Akatoa kibuyu chini ya khanga. "Zimebaki hizi. Zitazame wewe mwenye elimu. Zina nini?"

Mwalimu aliinamisha kibuyu, akamimina kiganjani.

Zilikuwa nyeupe.

Zilikuwa nyeupe na zinang'aa, kama kwenye picha za makopo. Uzito ule ule, wingi ule ule. Mtu alikuwa amekijaza kibuyu tena kwa uangalifu, ili mwenye kukipokea asishtuke kwa wepesi wake.

"Bado ni nyeusi, mwalimu?" aliuliza Bibi Namsemba. "Vidole vinaniambia ukubwa, rangi havinielezi."

Mwalimu Zefania alisema, miaka minane baadaye, kwamba pale alimwona mkaguzi tena, na Mwalimu Mkuu, na mdomo wake mwenyewe ukifungwa. Kusema nyeusi kulikuwa neno moja tu. Bibi angerudi nyumbani na mchawi wake, fomu ingeandikwa, mambo yakaisha.

"Ni nyeupe, bibi."

Bibi Namsemba hakuuliza nani, kwa kuwa nyumbani mwake mlikuwa na watu wawili tu, na mmoja hakuweza kupanda ngazi ya dari.

"Basi mke wa mwanangu nimemfukuza bure," alisema. "Nipe kibuyu changu."

"Yale meusi yapo, bibi. Tulivuna. Nitakujazia."

"Utanijazia. Lakini yale yatakuwa mbegu ya shule. Ya mama yangu nilidhani naipanda, kumbe napanda nisichokijua." Akasimama. "Mtoto asipigwe. Aliijua mbegu njema alipoiona. Mimi ndimi niliyemfundisha."

Zilibaki siku nne fomu irudi. Mwalimu aliwaita wote watatu chini ya ukuta wa ghala jipya, akawaeleza yote, la mbuzi, la kibuyu na la lori, ili pasiwe na mmoja anayejua siri ambayo mwenzake haijui.

"Sasa semeni. Nani anastahili?"

Mbonea alisema, "Mimi nilidhani nitamwambia baba tukishafaulu. Ukifaulu kwanza, kosa huwa dogo."

"Limekuwa dogo?" aliuliza Yunesi.

"Wewe usiniulize. Wewe ulisimama ukasifiwa. Sisi wawili tulikuwa tumekwisha kufanya kazi, wewe ukaisoma."

"Ningekaa kimya, kazi yako ingekuwa shamba la kuazima."

"Na mimi ningeacha mbegu darini," alisema Nakiete, "wewe ungesoma daftari jeupe, na huyu angemwagilia kokoto."

"Ulimwibia kipofu," alisema Mbonea.

"Na wewe ulimshika miguu mbuzi wa mtu asiye na kosa."

"Angalau mimi sikuiba," alisema Yunesi.

Wote wawili walimgeukia. "Hapana," alisema Nakiete. "Wewe ulimuuza mjomba wako. Na ulijua alivyo. Ungeweza kumwendea mkaguzi faraghani, ukampa kopo. Ulitaka watu wakuone?"

Yunesi alifikiri, kama alivyofikiri kabla ya kuandika. "Sijui," alisema. "Nimejiuliza. Hilo sijaliandika."

Mwalimu alipowauliza tena, kila mmoja alijitaja mwenyewe. Kisha kila mmoja alisema nani anastahili baada yake, na majina hayakulingana. Hakupata msaada kwao. Alipotafuta kwake mwenyewe, alikuta kila mmoja ametoa kisichokuwa chake: mmoja mbegu ya bibi, mmoja maji ya baba, mmoja heshima ya mjomba. Na kila mmoja aliacha mtu asiye na kosa akishukiwa mahali pake. Na yeye, mtu wa mashaka, alishuku kila kitu kwa wakati wake na hakuuliza hata kimoja.

Tarehe 29 Novemba aliandika jina moja, akaitia fomu katika bahasha, akaipeleka posta kwa mguu wake. Hakulifuta wala hakulirudia.

Siku ile ya ubatizo, aliwauliza watu kumi na mmoja waliokuwapo bila kuwaambia alichoandika. Wanne walisema Nakiete. Watatu walisema Mbonea. Watatu walisema Yunesi. Mkewe, aliyekuwa akikusanya sahani, alisema yeye angeandika jina la Bibi Namsemba, akaulize chuoni kama wanapokea wazee.

Mwalimu alicheka, na baada ya kucheka akawaambia jina. Lakini aliagiza kwamba hadithi hii isimuliwe daima bila jina hilo, mpaka msikilizaji awe ameamua na kutoa sababu yake. Agizo hilo limeshikwa mpaka leo na litashikwa hapa.

Bibi Namsemba alifariki mwaka 1993. Mke wa mwanawe ndiye aliyemwosha. Mwalimu Mkuu Sangiwa alifariki mwaka 1996, naye Mzee Kangero mwaka 2001. Mwalimu Zefania alifariki mwaka 2009, mwezi wa Mei. Mkaguzi hajulikani aliko. Mzee Mrutu yu hai, ana miaka tisini na mmoja, na mbuzi wake hajarudishwa. Nakiete yu hai. Mbonea yu hai. Yunesi yu hai. Mmoja wao ndiye aliyesomeshwa, na wote watatu wanapanda maharage meusi.

Kwa hiyo jibu kwa uangalifu, maana wapo wa kulisikia jibu lako. Kalamu ingekuwa mkononi mwako tarehe 29 Novemba, na mstari ule mmoja mtupu mbele yako: je, ungeandika jina la nani?